Fundi wa majeneza aliyepunguza kilo 21, pauni mbili mbili

Kama wewe ni mkazi wa Thika au Ruiru, huenda kuna Jumamosi moja ulijipata ukipanda Kilimambogo na wenzako. Mmejiita klabu, mmeshonesha fulana za rangi moja, mmeshika matatu ya barabara ya Garissa alfajiri. Langoni mnalipa, mnapewa askari wa wanyamapori kwa sababu ya nyati, na safari inaanza huku simu ikihesabu hatua. Karibu na kilomita ya saba mnafika kwenye makaburi. Hapo kila mtu anaketi, anapiga picha na kusoma jina: Sir William Northrup McMillan.

Stori yake unaijua nusunusu. Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka wa 1872, tajiri wa kurithi, mwenye lile shamba la Juja ambapo Theodore Roosevelt alipokelewa kama mgeni mwaka wa 1909. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilijengwa kwa kumbukumbu yake. Tena alikuwa mtu mnene kupita kiasi. Alifariki Ufaransa mwaka wa 1925, na inasimuliwa kwamba alitakiwa azikwe kileleni kabisa, lakini trekta lililovuta jeneza likashindwa na mlima, ikabidi azikwe pale lilipokwama. Kila kundi hucheka likifika hapo. Halafu mmoja anajishika tumbo, anachungulia simu yake, na kicheko kinapungua.

Leo lakini sikupi habari za aliyekuwa ndani ya jeneza. Nakupa maisha ya mtu aliyeyatengeneza. Si lile la McMillan, maana huyu wangu alikufa miaka 47 kabla yake, tena London. Anaitwa William Banting. Nimemchagua kwa sababu ya kile kitu ulichokipakua kwenye simu mwezi Januari.

Unakikumbuka? Programu ya kuandika chakula na mazoezi. Siku ya kwanza uliandika kila kitu, hata peremende. Siku ya nne ulikula kwa mama wa kibanda pale Kihunguro, ukatafuta githeri kwenye programu, ukaletewa supu ya maharagwe ya Mexico. Ukachagua hiyo hiyo, roho upande. Siku ya tisa kulikuwa na ruracio Gatundu: mukimo, nyama, soda mbili, na sahani ya pili uliyoongezwa na shangazi bila kuulizwa. Ukaona haya kuandika. Siku ya kumi hukuifungua programu kwa kuwa ya tisa ilikuwa na pengo. Wiki ya tatu ukaifuta, upate nafasi ya picha. Usiseme nakuchoma. Mimi nimefanya hivyo mara tatu.

Sasa turudi kwa Banting. Alizaliwa mwishoni mwa 1796 katika familia ya mafundi wa samani na mazishi. Duka lao lilikuwa mtaa wa St James's, karibu na jumba la kifalme, na kazi waliyopata haikuwa ya mchezo. Kampuni ya akina Banting ilishughulikia mazishi ya Mfalme George III mwaka wa 1820, George IV mwaka wa 1830, William IV mwaka wa 1837, Jenerali Wellington mwaka wa 1852, na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka wa 1861. Fikiria kazi hiyo. Mfalme akifa hakuna kuahirisha, na hakuna kukosea kipimo. Mtu wa kazi kama hiyo ni mtu wa orodha, saa na tepu ya kupimia, na mwenyewe alijijua hivyo: mpenda utaratibu aliyekuwa mbioni kwa miaka 50 hivi kabla ya kustaafu.

Nakutajia hilo kwa sababu moja. Tumezoea kusema mtu mnene ni mvivu. Banting hakuwa mvivu, wala hakuwa mlafi wa kupindukia. Isitoshe, kwao hapakuwa na wanene, si upande wa baba, si upande wa mama. Hata hivyo, tangu alipokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwili ulianza kufura, naye akaanza kuhangaika na madaktari.

Wa kwanza alimshauri afanye mazoezi. Banting akatumia mashua, nzito na imara, akawa anapiga makasia mtoni kila asubuhi kwa saa mbili kabla ya kazi. Misuli ilikuja kweli. Hamu ya chakula nayo ikaja kwa fujo, akala zaidi, uzani ukapanda badala ya kushuka. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka bila kujua. Unazunguka uwanja wa Thika mara kumi, jasho linatiririka, unahisi umelipa deni lote. Ukitoka unapitia chapati mbili na soda kwa sababu leo umejituma. Mazoezi yana faida zake kwa moyo, usingizi na akili, usiyaache. Ila ukiandika mazoezi peke yake bila kuandika chapati, umeandika nusu ya hesabu, tena ile nusu inayokupendeza.

Baada ya mashua, Banting alijaribu kila kilichokuwa sokoni. Alitembea, akapanda farasi, akaogelea baharini, akanywa maji ya chemchemi za dawa, akala kidogo mpaka akadhoofika. Aliingia bafu za mvuke za Kituruki, hadi mara tatu kwa wiki, zikafika kama 50. Zikamwondolea pauni sita tu (hizi ni pauni za uzani, si za pesa, pauni sita ni chini ya kilo tatu). Miaka zaidi ya 20 ikapita hivyo.

Alipofika umri wa miaka 65 alikuwa na urefu wa futi tano na inchi tano, yaani kama sentimita 165, na uzani wa pauni 202, karibu kilo 92. Ukiona hizo kilo unaweza kusema mbona si nyingi, kuna watu tunapanda nao matatu wa kilo 120. Sawa, lakini mwangalie yeye. Hakuweza kuinama afunge kamba za viatu. Alishuka ngazi kinyumenyume, taratibu, ili magoti na vifundo vya miguu visibebe uzito wa kwenda mbele. Alikuwa na ngiri ya kitovu iliyohitaji mkanda. Macho yalianza kufifia na masikio kuziba. Akaacha kwenda kwenye mikutano, na akawa anakwepa mabasi ya farasi kwa sababu watu walikuwa wakitoa maneno.

Hayo ya mabasi ndiyo yaliyonifanya nimpende. Wewe unayepanda kutoka Ruiru kwenda mjini unajua. Makanga anakutazama kutoka mlangoni na kuuliza, gari zima likisikia, kama utalipa viti viwili. Abiria wanacheka kidogo, wewe pia unacheka ili yaishe. Kisha unaanza kungoja gari lisilo na watu wengi. Mzee aliyezika wafalme alipitia hayo hayo miaka zaidi ya 160 iliyopita.

Mwezi wa Agosti 1862 alienda kutafuta tiba ya masikio, si ya unene. Daktari wake wa kawaida alikuwa likizoni, akaangukia mikononi mwa William Harvey, mtaalamu wa masikio. (Si yule Harvey wa mzunguko wa damu uliyesoma shuleni, huyo ni wa karne mbili nyuma.) Harvey alikuwa amesikiliza mihadhara ya Mfaransa Claude Bernard jijini Paris kuhusu ini na sukari, na akahisi kwamba masikio ya mgonjwa huyu yamebanwa na mafuta. Badala ya dawa ya masikio, akamtaka apunguze mwili, na akampa orodha ya vyakula vya kuacha: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Soma tena hiyo orodha polepole. Kisha sikia alichokuwa akila Banting kabla ya hapo: asubuhi chai yenye maziwa tele na sukari, pamoja na mkate wa kupaka siagi, mchana nyama, mkate mwingi, bia na vitu vya unga, jioni chai tena kama ya asubuhi. Ukitoa bia, hicho ni kiamshakinywa cha Makongeni, Ngoingwa, Membley na Kimbo, kila siku ya Mungu. Banting hakuwahi kukishuku. Kwa nini akishuku? Nani amewahi kuogopa chai?

Na hapa ndipo kalamu ilipoingia. Mzee huyu aliyezoea kupima mbao alianza kupima sahani. Akaweka mezani vipimo vya kila mlo kwa aunsi: nyama au samaki asubuhi aunsi nne au tano, kipande kidogo cha mkate mkavu aunsi moja, chai isiyo na maziwa wala sukari, mchana samaki au nyama aunsi tano au sita na mboga yoyote isipokuwa viazi, jioni matunda kidogo na chai, usiku nyama au samaki tena, aunsi tatu au nne. Pombe pia aliitaja waziwazi: bilauri mbili tatu za divai mchana, nyingine usiku. Hakuifuta ili aonekane mtu wa dini. Ilikuwa sehemu ya siku yake, ikaingia kwenye orodha.

Kuna jambo ambalo hakuliandika kamwe, nalo ni kalori. Wakati huo hakuna aliyekuwa akihesabu chakula kwa kalori. Mtindo huo ulikuja miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo ile hofu yako kwamba programu haijui githeri ya mama wa kibanda, Banting angeiona kama kisingizio. Huna haja ya kujua githeri ina kalori 312 au 340. Andika: githeri, sahani moja, parachichi nusu. Chapati mbili, madondo kikombe. Chai moja, sukari vijiko viwili. Mutura wa shilingi 50. Ukitumia vipimo vile vile kila siku utaanza kuona mambo, hata kama namba ya kalori si sahihi. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha, na halitakuuliza ununue toleo la kulipia.

Kisha kuna uzani. Banting alianza hesabu yake Agosti 26, 1862, akiwa pauni 202, na akawa anapanda mizani kila baada ya majuma matatu hivi. Hakupanda kila asubuhi akitetemeka. Baadaye alichapisha jedwali lote, tarehe baada ya tarehe, na nakuomba ulitazame kama mtu anayeishi siku hizi za picha za kabla na baada. Siku kumi na mbili za kwanza: pauni mbili. Tena tatu. Tena nne. Tena tatu. Kufikia mwanzoni mwa 1863 kasi ikashuka, ikawa pauni mbili, mbili, mbili. Majuma matatu ya kujinyima mkate na sukari kwa ajili ya pauni mbili! Hiyo haifiki kilo moja. Wewe ungepata jibu hilo kwenye mizani ya yule kijana anayepima watu kando ya barabara pale Thika mjini, ungelipa pesa yake, ungenuna, na jioni hiyo ungekuwa Kamakis ukiagiza nyama choma.

Banting aliandika mbili, akaendelea.

Kufikia Septemba 12, 1863 alikuwa na pauni 156, karibu kilo 71. Amepoteza pauni 46, sawa na kilo 21, na kiuno kimepungua zaidi ya inchi 12. Imemchukua mwaka na wiki mbili tatu. Ukigawa, ni chini ya nusu kilo kwa wiki. Alikuwa anashuka ngazi akitazama mbele kama watu wengine, anafunga viatu mwenyewe, na masikio yamefunguka.

Nimekaa sana kwenye hilo jedwali kwa sababu naona ndiyo siri yake, kama ni siri. Vyakula vya Harvey vilisaidia, ndiyo. Lakini kwa miaka 20 Banting alikuwa amejaribu tiba nyingi na kuacha, akihukumu kwa hisia: hii imenichosha, ile imenipa njaa. Safari hii alikuwa na namba mfululizo, na mfululizo wa namba humwonyesha mtu kitu ambacho kioo hakionyeshi. Mwili wa binadamu hucheza. Maji na chumvi peke yake vinaweza kukupandisha kilo moja au zaidi kutoka jana hadi leo. Ukitazama siku moja, utadanganyika. Ukitazama tarehe sita mfululizo, mstari unashuka au haushuki, na hakuna wa kubishana naye.

Ndiyo maana pengo la siku moja si kitu cha kukufanya ufute programu. Tatizo la ile siku ya ruracio halikuwa mukimo. Tatizo ni kwamba hukuandika, na kesho yake ukaogopa kulitazama lile pengo. Ungeandika tu: ruracio, sahani mbili, soda mbili, hatua elfu tatu. Mstari mmoja mbaya kati ya mistari 30 hauna nguvu ya kumwangusha mtu. Ukianza kuandika siku nzuri tu, daftari linageuka kuwa akaunti yako ya mtandaoni, yaani kila siku ni sherehe, na halina faida kwako.

Hapo hapo nikuonye, maana nawajua vijana wa siku hizi. Usichukue mlo wa Banting ukaufuata kama ulivyo. Alikuwa mzee wa miaka 65 chini ya daktari, akinywa divai kila siku na kula nyama mara tatu, jambo ambalo hata mfuko wako hauliwezi. Kama una kisukari, presha au mimba, pita kliniki kwanza. Na kama kuandika chakula kunakufanya ujinyime mpaka kizunguzungu, ujifiche kula au ujichukie, weka kalamu chini na uongee na mhudumu wa afya. Kuna watu ambao namba zinawaumiza, na hilo si udhaifu.

Banting angeweza kunyamaza akafurahia viatu vyake. Badala yake, Mei 1863, alipokuwa bado hajamaliza kupungua, alichapisha kijitabu kuhusu unene kwa gharama yake, kama barua kwa umma, akakigawa bure. Aliweka jina lake, uzani wake, magonjwa yake na aibu zake. Kwa bwana wa tabaka lake, katika Uingereza ya Victoria, hilo lilikuwa kama kutembea barabarani na shati la ndani. Watu wakakigombania. Toleo la tatu likauzwa, na faida akaipeleka kwa mashirika ya misaada. Na kwa kuwa alikuwa yeye, akachapisha hata hesabu ya pesa hizo.

Madaktari wengi walikasirika. Walisema fundi wa majeneza hana kazi ya kufundisha tiba, walisema mlo huo ni hatari, walimkejeli magazetini. Banting hakujifanya daktari. Katika toleo la kwanza hakumtaja hata Harvey kwa jina, na baadaye ikabidi amtaje ili asionekane kajitungia. Jibu lake kwa wapinzani lilikuwa lile lile: matoleo mapya, yenye barua za watu waliojaribu, na hali yake mwenyewe jinsi ilivyo. Toleo la nne lilitoka mwaka wa 1869.

Alifariki Machi 1878 akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Brompton huko London. Familia yake iliendelea kuzika wafalme. Ndiyo iliyoshughulikia mazishi ya Malkia Victoria mwaka wa 1901, na haikuiacha kazi hiyo hadi 1928.

Jina lake lenyewe halikukaa kaburini. Akiwa bado hai, Waingereza walikuwa wameligeuza kuwa kitenzi cha kujinyima chakula ili upungue. Afrika Kusini lilifufuka miaka ya juzi tu kama jina la mlo wenye wanga kidogo. Na Uswidi halijawahi kutoka: mpaka leo, Mswidi akitaka kusema anapunguza mwili, kitenzi anachotumia ni banta, na wengi wao wanakitamka kila siku bila kujua kwamba wanamtaja mzee wa majeneza aliyekuwa akishuka ngazi kinyumenyume.